Loice Amondi na Chai ya Kando ya Mto

Ukitaka kumuudhi Loice Amondi, mwambie kuchuma chai ni kazi ya mikono tu. Atakutazama toka utosini hadi kwenye viatu, kisha atakuuliza kama mikono yako ina macho. Miaka ishirini na saba aliifanya kazi hiyo kwenye mashamba ya kampuni moja kubwa huko Kericho, na miaka tisa ya mwisho hakuwa mchumaji tena. Alikuwa mpogoaji, mwanamke wa kwanza kuingizwa katika kikosi cha wanaume wanaoikata chai ikizeeka ili ichipue upya. Wanaume walimcheka wiki nzima. Wiki ya pili nyapara aliwapanga wote mbele ya mstari wake, akawaambia watazame jinsi matawi yanavyokatwa bila kupasuliwa, na baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Alikuja mlimani kutoka Nyakach, kule kando ya ziwa, akiwa mke mchanga wa Jairus Otiende, mtu wa kiwandani, mpole, asiyependa makelele. Walizaa watoto watatu kwenye nyumba za kampuni. Wawili wa kwanza waliolewa mbali. Wa mwisho, Akello, alikataa chai kabisa. Alisema mgongo wa mama yake umemfundisha vya kutosha, akaenda kusomea ushonaji, akafungua kibanda cha fundi cherehani pale Sigowet, karibu na soko. Loice alijifanya kukasirika. Lakini kila Jumapili alivaa kanisani gauni lililoshonwa na bintiye, na kama hukulisifu, alitafuta njia ya kulileta gauni hilo kwenye mazungumzo mpaka ulisifu.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, mwaka wa 2016, siku ya soko, Akello alikutwa amekufa ndani ya kibanda chake saa saba mchana. Alikuwa amenyongwa kwa utepe wa kupimia nguo. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mtu aliyemwua hakuwa kitendawili kwa watu wa Sigowet. Mathew, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, alikuwa amemtaka Akello kwa mwaka mzima, akakataliwa mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili mbele ya watu. Alikuwa amesema wazi kwamba kama si yeye basi hapatakuwa na mwingine. Na Osoro, mzee fundi wa viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara, alimwona akiingia kwa Akello saa tano na baadaye akitokea kwenye uchochoro wa nyuma ya kibanda. Osoro alikwenda mwenyewe polisi siku ileile, kabla hajaitwa, mikono bado ina gundi.

Lakini Osoro alikuwa mtu wa kunywa, na kila mtu alijua. Mathew naye alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa. Zaidi ya hayo alikuwa na shangazi, Janefer, mjane wa Sotik, mama mwenye heshima zake, ambaye aliandikisha taarifa kwamba siku hiyo tangu asubuhi hadi saa nane Mathew alikuwa kwake shambani. Kutoka Sigowet hadi Sotik si mwendo wa kwenda na kurudi kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Basi ikawa neno la mlevi dhidi ya neno la mjane. Mathew alikaa ndani wiki tatu, akatoka, akafungua duka lake kama kawaida, akauza mbegu kwa watu waliokuwa matangani wiki chache zilizopita.

Hapa ndipo wengi wetu tungelia, tukamwachia Mungu, tukaendelea na maisha. Simlaumu mtu. Jairus alifanya hivyo. Walimzika mtoto nyumbani Nyakach, muda wa Jairus kustaafu ukafika, nyumba ya kampuni ikarudishwa, naye akamwambia mkewe wateremke sasa, wakakae karibu na kaburi la mtoto wao.

"Wewe nenda," Loice akamwambia. "Kaburi haliendi popote. Ile faili ndio inaweza kupotea."

Akapanga chumba kimoja nyuma ya soko la Sigowet, akawa anachuma chai za watu kwa kibarua. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alivaa moja ya yale magauni, akaenda ofisi ya mashtaka kuuliza kesi ya Akello imefika wapi. Miaka sita. Alibadilishiwa maofisa wanne. Wa kwanza alikuwa na adabu, wa pili alimwita Mama Jumatatu, wa tatu alijificha chooni mpaka aondoke, na wa nne alimwambia faili haionekani. Loice akakaa kwenye benchi. Akasema yeye hana haraka, wamtafutie tu. Alikaa mpaka saa kumi na moja, akarudi kesho yake akakaa, na siku ya tatu faili ikaonekana. Inashangaza jinsi faili inavyoweza kupatikana mama mmoja akikataa kuondoka kwenye benchi.

Alikutana na Mathew pia, ilibidi. Sigowet si mji wa kumkwepa mtu. Mathew alioa, akapata watoto, akanenepa. Mara moja alimsalimia Loice sokoni, "Mama, habari ya siku nyingi," mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayesamehe. Loice aliitikia salamu. Kisha alikwenda nyuma ya kibanda cha Osoro akatapika. Osoro akampa maji ya kusuuza mdomo. Mzee huyo alikuwa ameacha pombe mwezi uleule Akello alipokufa. Alisema siku atakapoitwa tena, hataki mtu apate la kumwambia.

Basi mwaka wa 2022 akaja kiongozi mpya wa mashtaka, mama kijana aitwaye Fancy Chelangat, mzaliwa wa Sigor. Jumatatu ya kwanza alimkuta Loice mlangoni, akamkaribisha ndani, akafanya jambo ambalo kwa miaka sita hakuna aliyekuwa amelifikiria. Aliifungua faili akamsomea taarifa ya Janefer yote, neno kwa neno. Mpaka siku hiyo Loice alikuwa ameambiwa tu kwamba Mathew alikuwa shambani kwa shangazi.

Chelangat alisoma polepole. Janefer alisema kwamba siku hiyo yeye na Mathew walikuwa wakichuma chai, wawili tu, kwenye shamba lake la chini, lile la kando ya mto, ambalo haliwezi kuonekana kutoka barabarani. Walijaza vikapu viwili, wakapumzika, wakaendelea hadi saa nane.

"Kando ya mto," Loice akasema. "Ana shamba ngapi huyo mama?"

"Anasema ni tatu. Kwa nini, mama?"

"Sijui bado. Nataka kuona hiyo chai."

Chelangat alimwambia ukweli, kwamba yeye ametoka upande wa mahindi na ng'ombe, na kwake chai ni chai. Loice alicheka kwa mara ya kwanza ndani ya ofisi hiyo. Akamwambia hata hao polisi waliozaliwa katikati ya chai waliisoma hiyo karatasi, na kwao pia chai ilikuwa chai. Huku kila mtu anachuma kila wiki, kwa hiyo ukisema ulikuwa unachuma, nani atakuuliza ulichuma nini?

Wiki hiyohiyo akapanda gari kwenda Sotik. Hakwenda kwa kujificha. Alishuka kwa mteremko kupitia njia ya ng'ombe, akafika mtoni, akasimama kwenye mpaka wa shamba la Janefer. Chai ilikuwa nzuri, meza yake, yaani ule uso wa juu unaochumwa, imelala sawa. Aliinama, akatenganisha majani, akaangalia chini kwenye miti yenyewe, mahali ambapo mchumaji hatazami kamwe.

Nitaeleza alichokiona, kwa maana si lazima wewe uwe mkata chai. Chai ya mkulima hukatwa kila baada ya miaka minne hivi. Inakatwa yote, inabaki vijiti vitupu, na safari hii hukatwa inchi mbili juu ya pale ilipokatwa safari iliyopita. Kila mkato unaacha kifundo kwenye mti, na kifundo hakiondoki. Loice aliona kifundo cha juu, kibichi bado, cha miaka miwili iliyopita, yaani 2020. Inchi mbili chini yake kulikuwa na kifundo cha zamani kilichopona vizuri. Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akahesabu tena kwa sababu hakuiamini furaha yake. Ilikuwa 2016.

Chai iliyokatwa haichumwi. Inangojewa miezi mitatu mpaka ichipue na kufika kimo. Sasa swali likawa moja tu. Mwaka huo wa 2016 ilikatwa mwezi gani? Kama ilikatwa baada ya mwezi wa saba, au mapema mwanzoni mwa mwaka, basi huenda Janefer alisema kweli, na miaka sita ya Loice ilikuwa ya bure.

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mwanamume akichuma, akimtazama mgeni huyu aliyeingiza kichwa kwenye chai ya watu. Loice alimsalimia kwa Kikipsigis chake cha sokoni, "Chamgei," na yule mtu akaitikia huku akitabasamu, maana matamshi yalikuwa ya upande wa ziwa kabisa. Jina lake lilikuwa Kipngeno. Walizungumza kuhusu baridi na kuhusu wadudu. Loice akamsifu aliyekata chai ile.

"Ni mimi nilikata," Kipngeno akasema. "Hii ya juzi na ile ya kwanza."

"Ile ya 2016?"

"Eeh. Hiyo siwezi sahau. Tulikuwa tumemaliza tu, bwana ya huyu mama akafariki. Matawi yote tulibeba, tukapikia watu wa mazishi. Watu wa kiwanda waligombana na sisi sana, ati matawi inafaa kuachwa ioze kwa shamba. Lakini sasa utapikia wageni mia nne na nini?"

"Mazishi ilikuwa mwezi gani, baba?"

"Wa sita. Katikati ya mwezi wa sita. Ile karatasi ya programu niko nayo kwa Biblia, mimi ndio nilikuwa naongoza kwaya."

Loice alikaa chini hapo hapo kwenye nyasi. Mtu alikufa mwezi wa sita, matawi ya chai hiyo yakampikia waombolezaji, na wiki nne baadaye, kati ya vijiti vitupu, mjane wake anasema alijaza vikapu viwili. Mwongo huyo hakuwa mjinga. Alitaja shamba la chini kwa sababu halionekani, asije mtu akasema hakuwaona. Aliwaza macho ya watu, hakuwaza chai yenyewe.

Kisha Loice alifanya jambo ambalo mimi, kwa kweli, singelifanya. Angeweza kumwachia Kipngeno aendelee kuropoka, polisi waje baadaye. Lakini alimwambia yeye ni nani na amekuja kutafuta nini. Sura ya Kipngeno ikabadilika. Akaokota kikapu chake.

"Mama, pole sana. Lakini huyu ni jirani. Ng'ombe zetu zinakunywa maji pamoja. Usiniingize."

"Sikuingizi," Loice akasema. "Nitarudi tu."

Akarudi mara mbili. Mara ya kwanza Kipngeno hakutoka nyumbani. Mara ya pili alitoka, akampa chai na viazi, akaongea mambo ya mvua. Mara ya tatu hakuhitaji kwenda. Kipngeno alikuja mwenyewe Sigowet, amevaa koti la kanisa, Biblia kwapani. Alieleza kwamba mke wake amemwambia kama anamwogopa jirani kuliko Mungu, basi awe anakula kwa jirani. Alikuwa amekula ugali mkavu siku tano. Loice na Osoro walicheka mpaka wakashikana mabega, na Kipngeno mwenyewe akacheka.

Mathew alikamatwa tena, na kesi ikasikizwa. Wakili wake alikuwa mkali. Alimuuliza Osoro kuhusu pombe, na Osoro akajibu kwamba ndiyo, alikunywa miaka thelathini, na sasa ana miaka saba hajaonja, na alichokiona siku ile amekiona kila siku tangu hapo. Loice naye akaulizwa alisoma mpaka darasa la ngapi.

"La nne."

"Na leo unataka kuifundisha mahakama hii kilimo?"

"Hapana. Mimi nataka tu mahakama iende ione. Miti iko pale. Haijaenda mahali."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Alimsikiliza kwanza afisa wa kilimo, ambaye alikubaliana na Loice kwa kila jambo ila alitumia maneno marefu zaidi. Kisha akaamuru mahakama nzima ihamie Sotik.

Mngeona asubuhi hiyo! Jaji na viatu vyake vyeusi kwenye njia ya ng'ombe, karani amebeba makaratasi juu ya kichwa kwa ajili ya manyunyu, askari wamemshika Mathew mikono yote miwili ili asiteleze. Loice alitangulia mbele. Alitenganisha majani ya mti mmoja, akaonyesha kifundo cha juu na kifundo cha chini. Akaenda mti wa pili, wa tatu, wa kumi, kwenye mistari tofauti, kila mahali vifundo viwili kwa kimo kilekile. Jaji aliinama akagusa kwa kidole. Afisa wa kilimo aliandika. Kisha Kipngeno akaifungua Biblia yake, akatoa ile programu ya mazishi, ina picha ya mume wa Janefer na tarehe yake chini, akampa jaji.

Janefer alikuwepo, shahidi wa upande wa Mathew, amesimama kwenye ukingo wa shamba lake mwenyewe akiwa na mwavuli. Jaji alimwonyesha ile karatasi, akamuuliza kama anaitambua.

Yule mama aliitazama picha ya mumewe. Mathew akamwita, "Senge," yaani shangazi, kwa sauti ndogo. Hakugeuka.

"Hatukuchuma," akasema. "Hakukuwa na chai hapa. Matawi yake ndiyo tulipikia mazishi ya mzee. Mathew alikuja jioni, akaniomba niseme. Alisema atanyongwa. Ni mtoto wa ndugu yangu, ningefanya nini?"

Hapo kila mtu alimgeukia Loice kuona atasema nini. Nimesikia wengine wakisema alimkumbatia Janefer, na wengine kwamba alimtemea mate. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliyarudisha majani ya ule mti mahali pake kwa mikono miwili, meza ikalala sawa tena, akaanza kupanda mlima. Alikuwa amechoka sana.

Hukumu ilisomwa mwaka wa 2024. Jairus alipanda kutoka Nyakach, akakaa karibu na mkewe, wakashikana mikono kama vijana wa kwaya. Mathew akapatikana na hatia ya mauaji. Kabla ya kutoa adhabu, jaji akauliza kama familia ya marehemu ina neno. Chelangat alikuwa amemweleza Loice kwamba hapo ndipo angeweza kuomba adhabu anayoitaka, kali au nyepesi, na kwamba watu wengi huongea dakika tano.

Loice akasimama. Alisema kwamba kuhusu adhabu, yeye si jaji. Lakini ameketi humu ndani siku nyingi, na amesikia yakitajwa mambo ya viatu vya watu, pombe za watu, chai za watu, na kila mtu akisema marehemu, marehemu. Basi alitaka kuwaambia jina lake ni Akello. Alisema alizaliwa siku ya mawe ya mvua, na kwamba alikuwa mkaidi tangu tumboni. Alisema alikula maembe na maganda yake. Alisema alikuwa akiwashonea wanafunzi sketi za shule na kuacha upindo mrefu ndani bila kuwaambia wazazi, ili zifunguliwe mtoto akirefuka. Alisema jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyoogopa jongoo, jinsi alivyomwambia mama yake kwamba atamjengea nyumba yenye kiti cha kuegemeza mgongo. Jairus alikuwa analia wazi, hajifichi.

Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Karani aliangalia saa, akaangalia foleni ya kesi zilizosubiri, kisha akamwinamia Loice taratibu na kumwambia, "Asante mama, mahakama imesikia. Unaweza kukaa."

"Bado sijamaliza," Loice akasema. "Nimefika tu akiwa na miaka kumi na mbili."

Jaji aliiweka kalamu yake mezani, akaegemea kiti.

"Mwacheni," akasema. "Endelea, mama. Alipokuwa na miaka kumi na mbili."